Mshale wa Asili

Mshale mwekundu ulikuwa umesogea. Saa ilikuwa ndani ya kabati la chuma, kabati limefungwa, ufunguo unaning'inia shingoni mwa mwenyewe hata akienda kuoga, na hakuna aliyeigusa tangu jana yake. Lakini asubuhi ile, ule mshale aliouacha umesimama wima kwenye alama ya kuanzia, aliukuta umeteremka ubavuni mwa uso wa saa na kutulia kwenye namba sabini na mbili.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Bwana Sekunde alikasirika tu. "Nani kagusa kitu changu?" alifoka, nyumba nzima ikasikia. Nyumba nzima ilikuwa mkewe na mama mkwe wake, ambao walikuwa uani wakipakia mikate na wala hawakujisumbua kumjibu.

Bwana Sekunde ni jina la kupachikwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kumcheka, na yeye, badala ya kuona haya, akalipenda. Alikuwa mkusanyaji wa saa. Si saa hizi zetu za kutuambia tumechelewa, hata kidogo. Yeye alikusanya zile za fahari zenye mshale wa ziada katikati na vitufe viwili ubavuni: ukibonyeza kimoja mshale unakimbia, ukikibonyeza tena unasimama, ukibonyeza cha pili unarudi mwanzo. Basi, kazi yake yote ndiyo hiyo. Watu wazima wenye wajukuu wanauza kiwanja kwa ajili ya mshale unaokimbia na kusimama!

Ungewaona Jumapili mkahawani, yeye na wakusanyaji wenzake, mikono ya shati imekunjwa makusudi, chai inapoa, wanapokezana saa kwa vitambaa laini na kushusha pumzi. Huyu ana saa ya kupimia mwendo wa magari ya mashindano, na yeye akiendesha anapitwa na baiskeli. Yule ana saa ya kustahimili kilindi cha bahari, na maji pekee iliyowahi kuyaona ni ya kunawia mikono. Kila mwaka viwanda vinasogeza kitufe upana wa unywele, vinabadili uso kutoka buluu kuwa buluu nyingine, halafu vinatangaza ubunifu, na hawa wanapiga makofi.

Bwana Sekunde aliwadharau wote, na kwa hilo tu nitamsifu. "Ubunifu ulikufa zamani," aliwaambia akiwa amekunja pua. "Zamani fundi alijiuliza kwanza, huyu mtu anataka kupima nini? Ndipo akachora uso wa saa. Siku hizi wanachora kwanza, halafu wanamtafuta mjinga wa kununua." Maneno ya kweli kabisa, tena yametoka kinywani mwa mjinga aliyekwisha kutafutwa na kupatikana mara nyingi.

Hii ya mshale mwekundu aliinunua kwa watoto wa daktari mmoja marehemu waliokuwa wakiuza vyombo vya baba yao. Ilikuwa saa ya kidaktari. Daktari anamshika mgonjwa mkono, anabonyeza kitufe, anahesabu mapigo kumi na matano ya mshipa, anabonyeza tena. Na pale mshale uliposimama ndipo ilipoandikwa namba ya mapigo ya dakika nzima. Moyo ukienda haraka, mshale unasimama mapema. Moyo ukizubaa, mshale unakwenda mbali.

"Huu ndio ubunifu," alimwambia mkewe siku aliyoileta. "Hakuna pambo hata moja. Kila mstari una kazi. Tena haijafunguliwa, haijang'arishwa, kila kipande ni cha asili!"

"Inanuka," mkewe alijibu.

"Inanuka nini?"

"Spiriti. Na bandeji mbichi. Itoe kwenye meza ya chakula, mume wangu."

Mke huyo alikuwa mwoka mikate. Alikuwa na tanuri la kuni uani, na mikate yake ndiyo iliyoilisha nyumba, kwa sababu mshahara wa mumewe uliishia kabatini. Mikono yake ilikuwa na joto la ajabu. Akiugusa unga uliokandwa, unaumuka kabla hajamaliza kuufunika. Alikuwa mpole kuliko mumewe alivyostahili. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao na kumsaidia kukanda, alimwambia hivyo kila wiki, naye akacheka na kusema, "Mama, ndiyo mwanamume niliyempata."

Ule mshale haukusogea mara moja tu. Bwana Sekunde alianza kusikia mlio kutoka ndani ya kabati, mdogo, mkavu, tk, na baada ya kitambo mwingine, tk. Akafungua, akaitoa saa, akaiweka juu ya kitambaa na kuitazama. Kitufe kilizama chenyewe. Mshale ukakimbia. Kitufe kikazama tena, mshale ukasimama kwenye sabini. Ukarudi mwanzo, bila kuguswa, na kungoja.

Sasa mtu huyo, badala ya kupiga ukelele na kukimbia, alipiga makofi! Alidhani amepata kitu ambacho hakuna mkusanyaji mwingine anacho. Ndipo mkewe akaingia na kikombe cha chai, na yeye, kwa furaha tu, akamshika mkono ili amwonyeshe; na akiwa ameushika mkono ule, alihisi chini ya vidole vyake mshipa ukipiga sawasawa na ule mshale. Wa mkewe ulipotimiza pigo la kumi na tano, kitufe kilizama.

"Inakupima wewe," alisema, macho yamemtoka. "Bila kukugusa! Unaelewa maana yake? Hakuna kiwanda duniani..."

"Mimi sitaki kupimwa," mkewe alisema kwa sauti ndogo, akivuta mkono wake.

Alipowasimulia wenzake, walimcheka. Akarudi nyumbani amevimba, akaazimia kuiangalia kila jioni mpaka awafunge midomo. Kwa hiyo aliona vizuri, kuliko mtu mwingine yeyote, namba zilivyokuwa zikishuka. Sitini na nane. Sitini. Hamsini na tano. Aliona, akastaajabia jinsi mshale ulivyosimama bila kutetereka, na akanyamaza kimya.

Aliyesema ni mama mkwe. "Mkwe, umemgusa mkeo siku hizi? Mikono yake imekuwa baridi. Unga aliokanda jana haukuumuka, tumemwagia kuku."

"Uchovu tu, mama. Apumzike."

"Anapumzika. Akipumzika ndiyo anapoa."

Walikwenda hospitali. Wakampima damu, wakampima moyo, wakasema moyo ni mzima ila unakwenda polepole, wakampa vidonge na kumwambia anywe maji mengi. Akanywa. Akaendelea kupoa. Midomo ilipauka, na akipanda ngazi mbili za uani alilazimika kushika ukuta. Mama yake alikuwa hana mtoto mwingine, na hofu ya kumpoteza huyu mmoja ilimfanya aache hata kula.

Jioni moja umeme ulikatika mvua ikinyesha. Mgonjwa alikuwa amejilaza kwenye kochi chini ya mablanketi mawili, mama yake amekaa miguuni akimsugua nyayo, na Bwana Sekunde amejifungia na saa zake, wakati ile harufu ya spiriti na bandeji mbichi ilipoanza kupenya chini ya mlango wa chumba cha saa, kwanza kidogo, ya kumfanya mtu avute pua tu na kusahau, halafu nzito, ikatambaa sakafuni, ikapanda, ikajaza sebule yote hata mshumaa ukaanza kuyumba, na nyuma ya harufu vikaja viatu, viatu vya ngozi vya mtu asiye na haraka, vikavuka sakafu ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiivuka, vikazunguka kochi, vikasimama upande wa kulia wa mgonjwa, na mama mkwe akaona kwa macho yake mawili mkono wa mwanawe ukiinuka kutoka kwenye blanketi na kubaki hewani, umeshikwa, na ngozi ya kifundo cha mkono ikibonyea mahali pa vidole vitatu.

"Mama," mgonjwa alinong'ona, "kuna mtu kanishika."

"Naona, mwanangu. Usitikisike."

"Vidole vyake vya baridi."

"Najua. Nitazame mimi. Nitazame mimi tu."

Kutoka chumbani ukasikika mlio, tk. Kikapita kitambo kirefu kuliko ilivyofaa. Kisha, tk. Mkono ukaanguka. Mlango ukafunguliwa, na Bwana Sekunde akatoa kichwa, tochi mkononi, akasema kwa furaha, "Arobaini na tatu! Hebu njooni muone!"

Mama mkwe alimtazama muda mrefu bila kumtukana, na kwa mama yule hiyo ilikuwa mbaya zaidi ya tusi. Kulipokucha alikwenda kumwita mganga.

Mganga huyo hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Alikuja na gari lake, kilemba kimesimama, simu mbili mkononi, na alipoingia alikataa kiti cha kwanza kwa sababu hakikuwa na mto. Mkononi alivaa saa ya plastiki ya rangi ya waridi. Bwana Sekunde aliitazama hiyo saa kwa jicho la pembeni, akaguna.

"Yangu inaniambia saa ngapi," mganga alisema. "Ya kwako inakuambia nini?"

Hakungoja jibu. Alifukiza ubani, akamwekea mgonjwa kiganja kwenye utosi, akasoma kimoyomoyo hadi mvuke ukaanza kumtoka mgonjwa kinywani, wa baridi, ndani ya chumba chenye joto. Kisha mgonjwa akafumbua macho na kusema kwa sauti kavu ya mwanamume mzee, ya adabu, "Tafadhali msizungumze. Nahesabu."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa khanga. Mganga peke yake ndiye aliyebaki ametulia.

"Unamhesabia nini mtoto wa watu?" aliuliza.

"Ndiyo kazi niliyoikuta. Daktari alikaa na mkewe kitandani, akimpima, akimpima, mpaka mapigo yakaisha, na hakukubali kuacha kupima. Nilimwonea huruma, nikakaa kwenye mshale nimsaidie." Sauti ikakohoa kidogo. "Humpima mmoja tu. Yule ambaye mwenye saa anampenda kuliko wote. Nampima mpaka yaishe. Sasa nyamazeni."

Mgonjwa akalegea. Aliporudiwa na fahamu, mganga akamweleza yaliyosemwa na jini kwa kinywa chake. Mwanamke yule alikuwa karibu kufa, midomo imepauka, lakini aligeuza shingo akamtazama mumewe, na akatabasamu. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuwa na hakika. Sasa jini mwenyewe ameshuhudia. "Kumbe," alisema, machozi yakimtoka. "Kumbe ni mimi."

Bwana Sekunde alikohoa na kutazama viatu vyake.

"Dawa yake ni rahisi," mganga alisema. "Ametuambia makao yake. Mwenye saa atoe ule mshale kwa mkono wake, kwa ridhaa yake, autie kwenye makaa ya moto. Mtu mwingine asithubutu kuuvunja au kuuiba. Jini atakimbia na roho aliyoishika."

"Saa nzima?" Bwana Sekunde aliuliza haraka.

"Mshale tu."

"Mshale wa asili?"

"Wewe baba," mganga alisema, "mkeo anakufa."

"Sawa, sawa. Nimekubali. Lakini nitautoa mwenyewe chumbani, penye lenzi. Kazi hiyo haitaki macho ya watu."

Sasa sikilizeni ujinga wa hawa watu. Mkusanyaji wa saa hatupi kipande cha zamani. Kikitoka, hata kiwe kimekatika, kinatiwa kwenye kifuko kidogo na kuwekwa pamoja na saa, kwa sababu saa isiyo na kipande chake cha asili, kwao, ni maiti. Na mshale ule ulikuwa mwembamba kuliko ukope wa mtoto. Ukiuangusha mchangani hutauona tena. Mtu anaambiwa atoe ukope umponye mkewe!

Aliufungua mgongo wa saa, akaitoa mashine yake, akaung'oa mshale kwa kibanio, akautia kwenye kifuko. Kutoka kwenye kikopo cha vipuri akachukua mwingine mwekundu, wa kiwanda cha juzijuzi, usio na thamani yoyote. Huo ndio alioupeleka uani, akautupa kwenye makaa ya tanuri mbele ya mkewe, mama mkwe na mganga, na sura ya huzuni aliyoivaa haikuwa ya uongo, kwa sababu hata hicho kipuri kilimuuma. Asubuhi yake, mlango umefungwa, aliurudisha mshale wa asili mahali pake.

Na mkewe akapona. Hilo ndilo lililomfanya ajione mjanja. Siku baada ya siku rangi ilirudi midomoni, joto likarudi vidoleni, unga ukaumuka hadi ukamwagika kwenye karai. Akawa anaimba. Akawa anampelekea mumewe mkate wa kwanza kutoka tanurini, na kumtazama anavyokula, kwa upendo mpya wa mtu aliyehakikishiwa. Mama mkwe alianza hata kumwita "mwanangu", na kwa mama yule hilo halikuwa neno dogo. Bwana Sekunde aliyapokea yote. Alikuwa amevaa sweta mbili na soksi nzito, akasema ana mafua.

Alasiri moja, jua linawaka, mkewe alimletea chai chumbani bila kubisha hodi. Alimkuta ameinama mezani, blanketi mabegani, na mbele yake mshale mwekundu unakimbia. Harufu ya spiriti ilimpiga usoni. Kikombe kilimtoka mkononi.

"Hukuuchoma," alisema.

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Hukuuchoma!"

"Lakini si umepona? Uko mzima, unaimba. Basi ubaya uko wapi?"

Mke alisogea mezani. Alikuwa akiutazama mshale, na taratibu akaona kile ambacho mjanja yule, kwa ujanja wake wote, hakuwa amekiona. Mshale upo. Jini yupo. Anapima. Na yeye amesimama hapa, damu yake inachemka, mikono yake ina moto.

"Alisema humpima yule unayempenda kuliko wote," alinong'ona. "Siku ile ulipouficha, ndipo aliponiacha. Alidhani ni mimi, akaona siye."

Akamshika mumewe mkono. Ulikuwa na baridi ya bati. Chini ya vidole vyake mshipa ulipiga, ukakaa, ukapiga, ukakaa, na juu ya meza mshale ukawa unaendelea kukimbia. Uliposimama, ulikuwa umeteremka hadi chini kabisa ya uso wa saa, kwenye namba ya mwisho iliyoandikwa.

Bwana Sekunde alielewa. Rangi ilimtoka. Hata hivyo, kumwonea huruma mtu yule ni kazi. Katika viumbe wote wa dunia, pamoja na mwanamke aliyemlisha, aliyempenda zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

"Utoe," mkewe alisema. Alikuwa analia, kwa hasira na kwa uchungu, lakini alikwisha kuinua kibanio na kumtia mkononi. "Mimi siruhusiwi. Utoe mwenyewe. Tanuri linawaka, nitakushika bega twende. Utoe sasa hivi!"

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Kuna mwenzangu wa Jumapili," alisema, meno yakigongana. "Anao mwingine kama huu, wa asili, wa mwaka uleule. Ngoja nimpigie simu. Nikiupata huo, huu nitauchoma, naapa. Lakini saa ikae bila mshale wake... hapana, mke wangu, hujui thamani yake..."

"Mume wangu, nakuomba."

"Subiri tu."

Tk. Mshale ukaondoka. Alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja, akitafuta jina la mwenzake kwa kidole kilichokuwa kimekufa ganzi, na mkono wa pili umeshikwa na mkewe, ambaye alihesabu pamoja na jini kwa sababu hakujua la kufanya jingine, tisa, kumi, na kila pigo lilikuja mbali zaidi na mwenziwe, kumi na moja, na mshale ukapita chini, ukaipita namba ya mwisho, ukaanza kupanda upande wa pili ambako hakuna namba iliyoandikwa kwa sababu hakuna fundi aliyefikiri daktari atahitaji kupima huko, kumi na mbili, na simu ikaanguka juu ya kitambaa, na kichwa cha Bwana Sekunde kikaja juu ya bega la mkewe polepole, na mke akangoja la kumi na tatu, akangoja, na mshale ukapita juu kabisa ukaanza duara la pili, na la tatu, haukusimama.

Alimlaza mezani na kumfunika kwa blanketi. Alimpenda, mjinga yule, na alimlilia kweli.

Kisha akasikia kitufe kikizama. Mshale ulirudi kwenye alama ya kuanzia, ukatulia, na viatu vya ngozi vikasogea hatua moja upande wake, kwa adabu, vikasimama. Mwenye saa alikuwa amekufa, na mrithi wake ni mmoja. Saa sasa ilikuwa ya mkewe.

Tk. Mshale ukakimbia.

"Mwanangu!" mama yake aliita kutoka uani. "Hebu niletee khanga nyingine. Baridi gani hii imeniingia ghafla, na jua lote hili?"

Alielewa anayepimwa sasa ni nani. Alikwapua saa kutoka mezani, akatoka mbio, akampita mama yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda amejikumbatia, akaufungua mlango wa tanuri kwa mkono mtupu, na kuitupa saa nzima, pamoja na mkanda wake na mshale wake wa asili, katikati ya makaa, mikate ya watu ikiwa bado humo ndani.

Kitu kilipiga kelele mle ndani, kwa sauti ya mwanamume mzee. Akaegemeza mgongo wake kwenye mlango wa chuma uliokuwa ukimuunguza, akakaa hapo hapo mpaka kelele zikaisha, na mama yake akaitoa khanga begani akisema joto limezidi.